Mikono Juu Chini ya Mikorosho

Kila asubuhi, kabla sijashuka kitandani, nauhoji mwili wangu. Vidole vya mguu wa kushoto, mpo? Mkono, upo? Halafu nachukua kioo kidogo na kutabasamu peke yangu kama punguani, nione mdomo umekaa sawa au umeanza kwenda upande. Ukiwa sawa, navaa raba zangu haraka. Nikichelewa kidogo tu, woga unanikalisha mpaka jua linakuwa kali.

Kiharusi kilinikuta jikoni nikisonga ugali. Mwiko ulinidondoka, na mkono ukawa kama wa mtu mwingine. Niliyekuwa naye ni wifi yangu, dada mkubwa wa marehemu mume wangu, ambaye tunaishi naye ua mmoja hapa kijijini upande wa Mpapura. Jina lake siandiki, lakini alichonifanyia nakiandika. Alisema nimetupiwa jini. Badala ya kuita bodaboda nikimbizwe hospitali, akanipeleka kwa mganga wake, nikalazwa mkekani nafukizwa moshi huku mguu unakufa. Na yule mganga naye namtaja: alijua. Nilimwona machoni kwamba amejua ile ni presha, akanyamaza, maana kuku wa ujira wake alikuwa keshachinjwa. Ni ndugu zangu wa kwa mama waliokuja kunibeba na kunipeleka mjini Mtwara. Wangechelewa kidogo, leo mngekuwa mnanisomea hitima.

Daktari wa kule, kijana wa kutoka bara, alinipa dawa za kumeza kila siku, akasema: "Mama, nusu ya dawa ni hizi, nusu ni miguu yako. Tembea. Tafuta njia yenye kupanda kidogo. Uheme, lakini uweze kuongea. Ukishindwa kuongea, pumzika."

"Na kikinirudia nikiwa njiani?"

"Ukikaa tu ndani ndiyo kitakurudia upesi."

Sikupata usingizi kwa maneno hayo.

Hapa kwetu njia ya kupanda ni moja tu, inatoka nyuma ya nyumba zetu inakwenda mashambani, katikati ya mikorosho ya watu. Nilianza na fimbo. Nilikuwa nikisikia moyo unadunda nasimama, nashika mti, najiuliza: huu ni mlima au ni ule ugonjwa? Mpaka leo kutofautisha kunanishinda. Lakini pole pole nilianza kulala. Miguu iliyokuwa inavimba jioni ikapungua, na pumzi ikarefuka. Fimbo niliiacha nyumbani siku moja kwa kusahau, nikagundua nimekwishafika juu.

Tatizo likawa watu. Huku kwetu mtu haendi mahali bila shughuli. Anakwenda kulima, kuchota maji, kuhani msiba. Ukisema unatembea tu, wanakutazama mara mbili.

"Unakwenda wapi, dada?"

"Natembea."

"Ndiyo, unatembea. Unakwenda wapi?"

Wifi akaona namtia aibu. "Watu wanasema umerukwa na akili," akaniambia. "Au wanasema unawanga mchana. Basi beba hata kiroba, wajue unafuata kisamvu." Nikabeba kiroba. Watu wakaacha kuuliza, mimi nikapumua.

Kisha korosho zikaanza kudondoka. Mtu yeyote wa huku anajua, hata mtoto: msimu ukianza, mwenye shamba ameshafagia chini ya mikorosho yake, na mtu hapiti pale na kikapu, ndoo wala kiroba kama shamba si lake. Kupita ni ruhusa, kupita na chombo ni wizi. Nilijua. Lakini kiroba kilikuwa kimekwishakuwa sehemu ya mkono wangu, na asubuhi ile mawazo yangu yote yalikuwa kwenye moyo unavyokwenda.

"Wewe! Simama hapo!"

Alikuwa mwenye shamba la juu. Ni mtani wangu, tangu ujana tunatukanana bila kukasirikiana, lakini siku hiyo hakucheka. Alininyang'anya kiroba, akakikung'uta. Likatoka jani moja kavu la kisamvu.

"Mtani, mimi ni mgonjwa, ninafanya mazoezi."

"Mazoezi na kiroba? Wifi yako mwenyewe kasema kila siku unapanda nacho, na hajui unaleta nini."

Wifi yangu! Aliyenibebesha! Nilitaka kupiga kelele, nikaogopa kupiga kelele kutanipasua kichwa. Mtani akaniambia nisionekane pale mpaka msimu uishe.

Nikarudi kukaa uani. Wifi anachambua mchele, ananitazama kwa pembeni, mimi nahesabu mapigo. Usingizi ukakimbia. Mguu ukaanza tena kuwa mzito. Nilipokwenda zahanati kupima, nesi alifunga ule mkanda wa kupimia presha kwenye mkono wangu, akaufungua, akaufunga tena.

"Mama, umeacha dawa?"

"Nameza."

"Umeacha nini, basi?"

Nilitoka pale nimeelewa. Kukaa ni kufa, na kupanda ni kuitwa mwizi. Nikaona afadhali mwizi aliye hai.

Kesho yake nilikwenda moja kwa moja hadi kwenye banda la mtani wangu. Sikubeba kitu. Hata kanga ya juu niliiacha, nikafunga moja tu juu ya gauni. Alikuwa na wanawe wanatenganisha korosho na mabibo, yale matunda yake, nzi wamejaa, harufu tamu imetanda.

"Nimekuja kuomba njia," nikasema. "Kilichonilaza mwaka ule kinanirudia. Nikikaa mpaka msimu uishe, hizo korosho utazifanyia karamu ya matanga yangu."

Alinitazama tangu kichwani hadi kwenye raba. "Wamakonde bwana, hata kufa mnataka kufia shamba la mtu!" Wanawe wakacheka. "Haya, pita. Lakini ukifika kwenye mikorosho yangu, mikono juu, nikuone hujashika kitu."

"Wa kushoto haupandi. Unaishia begani."

"Basi uishie begani. Wa kulia juu!"

Nikapita nimenyanyua mikono kama mtu aliyekamatwa, wote wananicheka, mimi mwenyewe nahema na kucheka. Hivyo ndivyo nilivyopita msimu mzima. Wifi alisema sasa nimerukwa kweli. Hadi leo chakula alichopika simezi bila kufikiri.

Msimu umekwisha, korosho zimeuzwa, hakuna anayelinda. Mimi bado nanyanyua. Asubuhi ya leo nilipofika pale mkono wa kulia ulipanda, wa kushoto ukabaki. Jasho likanitoka. Nikajaribu mdomo, nikajaribu ulimi, nikasema jina langu kwa sauti.

"Mtani, wa kushoto!" akapiga kelele mwenye shamba kutoka bandani. "Unaficha nini huko?"

"Subiri!"

Nikausubiri. Ukaanza kupanda, polepole, ukafika begani, ukapita sikio.