Mabeseni Mawili ya Maji ya Muhogo

Siku ile naikumbuka kwanza kwa harufu, mwanangu. Harufu ya muhogo uliolowa siku nne, ile chachu inayopanda puani ukifunua beseni. Kila mwanamke wa Kasongo anaijua na hakuna anayeijali. Ningeijali siku hiyo, leo nisingekuwa na la kukusimulia.

Umekuja na pipa lako jipya, unataka mwanangu Amisi akujengee mtambo wa samaki na mboga kama huu unaouona hapa uani. Vizuri. Amisi ameenda mtoni kuchota kokoto, atarudi baada ya alasiri. Kaa hapo kwenye kigoda. Mambo ya mabomba atakufundisha yeye. Mimi nina somo jingine, maana mtambo wa kwanza kabisa katika nyumba hii niliuua mimi kwa mikono yangu.

Usinicheke nikisema nilikuwa kijana. Wajukuu nilikuwa nao tayari. Lakini katika kazi ile nilikuwa mtoto, tena mtoto mwenye kichwa kigumu, niliyeona kwamba kwa kuwa nimelima tangu nikiwa msichana, hakuna wa kunifundisha kumwagilia lengalenga, mchicha wetu huu. Mtu mzima anayeanza kazi mpya ni kijana upya, na ana kiburi kuliko kijana halisi.

Watu wananiita Mama Radjabu. Huyo Radjabu alikuwa kifungua mimba wangu. Alikwenda Salamabila kuchimba dhahabu, shimo likamwangukia, tukamzika huko huko. Sitasema zaidi ya hapo. Nakutajia ili uelewe nilivyojisikia pale mdogo wake, Amisi, aliponiambia naye anakwenda Salamabila. Chakula kilinishinda siku mbili. Nilimwomba, nikamfokea, nikamwomba tena.

Mwishoni akasema, "Mama, kuko kitu moja niliona mu telefone. Samaki na mboga, maji moja inawalisha wote. Unipe hii kiangazi. Kama samaki wanafika mu mvua wazima, ninabaki. Kama wanakufa, uniache niende, na usilie."

Nikakubali. Umeelewa kilichokuwa mezani? Samaki wakiishi, nina mtoto. Wakifa, sina.

Basi akajenga. Pipa moja la samaki chini. Juu yake, kwenye meza ya mbao, nusu ya pipa jingine iliyojaa kokoto, ndimo mboga zilimoota. Pompi ndogo inayoendeshwa na pano, lile bamba la umeme wa jua, ilipandisha maji ya samaki hadi kwenye kokoto, mboga zikala uchafu wa samaki, maji yakachujwa yakadondoka chini tena, safi. Rafiki yake wa mgodini alimpa bure magunia ya changarawe iliyokwisha kuoshwa, nyeupe inang'aa. Amisi akaikataa. Alisema wale wanaosha dhahabu kwa zebaki, na yeye hataki kulisha mama yake zebaki. Akaenda mtoni, akaokota kokoto zake moja moja, akaziosha mpaka mikono ikachubuka.

Halafu akasubiri. Hapo ndipo nilipoanza kumwona mjinga. Mtambo umekamilika, maji yanazunguka, na yeye anakaa wiki nzima, ya pili, ya tatu, bila kuweka samaki, anatia tu kamavi kidogo ka kuku na kunusa maji kama mpishi anayeonja mchuzi. "Maji lazima ikomae kwanza, izoee kusafisha uchafu," anasema. Mimi nikawaambia majirani kwamba mwanangu analea pipa la maji. Tukacheka sana kwa ajili yake, na yeye akacheka pamoja nasi.

Mwishowe akaleta vifaranga vya tilapia ndani ya bidoni la plastiki, kwa pikipiki, anasimama kila baada ya mlima kuyatikisa maji yapate hewa. Vikafika vizima karibu vyote. Akavilisha pumba za mpunga na mchwa waliokaushwa. Lengalenga zikaota, halafu zikawa manjano kidogo kwenye ncha. Amisi akasema mboga bado zinazoea, tuziache. Mimi sikuziacha.

Asubuhi hiyo nilikuwa natoa muhogo majini nikauanike. Mabeseni mawili yalibaki na maji yale meupe, mazito, yanayonuka. Ilikuwa katikati ya kiangazi, kisima kiko mbali, na mimi kumwaga maji chini wakati wa kiangazi kunanichoma moyo. Nikaziangalia lengalenga za manjano. Nikasema moyoni: kinachonuka ni mbolea, wazee wetu hawakuwa na telefone na walikula mboga. Amisi alikuwa sokoni. Nikapanda kwenye tofali, nikamwaga beseni la kwanza juu ya kokoto. Nikamwaga na la pili. Nikajipangusa mikono, nikaenda kuanika muhogo wangu nikiimba.

Unaona nilivyosahau? Niliona bustani tu. Maji niliyoyamwaga juu yalishuka kwa samaki kabla sijafika kwenye mkeka wa kuanikia.

Adhuhuri samaki walikuwa juu, midomo wazi, wanatafuta hewa. Wakati wa alasiri walikuwa wamegeuka matumbo juu. Wote, mwanangu. Nilisimama pale na ungo mkononi, nikajua. Usidhani sikujua. Nilijua kabisa kwamba ni mabeseni yangu, na nikajua Amisi akirudi maana yake nini.

Akaingia na gunia la pumba begani. Akaliweka chini polepole.

"Mama, nini imefanyika?"

Na mimi, mama mzima, mwenye kwenda msikitini, nikamjibu, "Pompi yako. Nimekuta imesimama. Nimeiwasha mwenyewe, lakini nimechelewa."

Mpaka leo sijui neno lile lilitoka wapi. Labda nilifikiri atasema pompi mbovu, atatengeneza, ataanza upya. Labda niliogopa tu macho yake. Yeye hakubishana. Mama amesema, atabishaje? Akachutama kando ya pipa, akawatoa samaki mmoja mmoja kwa mkono, akasema, "Basi ni mimi. Sikufunga waya muzuri." Akaniomba msamaha. Aliniomba msamaha mimi! Nami nikaupokea, nikamwambia si neno.

Kesho yake, jua halijachomoza vizuri, akafunga begi lake. Ahadi ni ahadi, na mimi nilikuwa nimeahidi kutolia, kwa hiyo sikulia mbele yake. Akapanda pikipiki ya kuelekea Kabambare, ili kutoka huko aendelee Salamabila.

Katika nyumba hii wakati ule aliishi mama mkwe wangu, Bibi Kalunga, Mubangubangu kwa kabila, wa Kabambare, mwembamba, macho yameshafifia lakini pua inafanya kazi yake na ya macho. Asubuhi hiyo alitoka jikoni na fimbo yake, akaenda moja kwa moja kwenye mtambo. Akachomeka kidole kwenye kokoto, akakinusa. Akakinusa tena.

"Mama Radjabu," akaniita, "nani alimwaga maji ya mihogo humu?"

Akaketi kwenye tofali lile lile nililolipanda mimi.

"Sisi tukiwa wasichana, kiangazi wanamuke wanafunga kijito kwa matope, wanapunga maji na vikapu, wanakamata samaki. Lakini mbele ya kufunga, mutu anatumwa kule juu kwanza. Aulize: kuko mwenye analoweka mihogo? Kama iko, tunarudi nyumbani, sababu ile maji inaua samaki. Hata mutoto mudogo alikuwa anajua. Na weye hukujua?"

"Nilisahau, Mama."

"Kusahau si kitu. Samaki tutapata wengine." Akanielekezea fimbo. "Lakini Amisi aliniaga asubuhi, akasema kosa ni yake, juu ya waya. Hiyo kosa iko ya nani?"

"Iko yangu."

"Basi mbona yeye ndiye anaibeba? Umemutuma mutoto mu shimo na muzigo wako mu kichwa. Ule mwingine tulizika. Huyu naye unataka tuzike na uongo yako juu yake?"

Sijawahi kupigwa maishani, si na baba, si na mume. Siku ile nilipigwa. Nilikaa chini palepale kwenye matope nikalia yale yote niliyokuwa nimeyazuia. Bibi Kalunga akaningoja nimalize. Halafu akasema tu, "Pikipiki zingine bado ziko."

Mwanangu, umewahi kupanda pikipiki kutoka hapa hadi Kabambare? Unaijua ile barabara. Sasa iweke mgongoni mwa bibi mwenye magoti kama yangu. Nilimpa dereva kitenge changu kipya cha sikukuu, bado kimekunjwa, kwa kuwa sikuwa na kingine cha kumpa. Tulianguka mara mbili kwenye mchanga. Mtoni alinivusha mgongoni kama gunia la mpunga, na alipotaka kucheka nilimwambia acheke haraka tuendelee. Njia nzima nilikuwa nafanya mazoezi ya maneno yangu, maneno mazuri, yenye kujitetea kidogo hapa na pale.

Nilimkuta Kabambare mjini, kwenye kibanda cha mtengeneza pikipiki. Tairi ya pikipiki yao ilikuwa imepasuka na vumbi lilikuwa limemfanya mweupe. Kulikuwa na vijana wengine wanne wanaokwenda mgodini. Aliponiona alisimama kwa hofu, akidhani kuna msiba. Na yale maneno mazuri yote yakanitoroka.

"Pompi haikusimama," nikasema. "Mimi nilimwaga maji ya mihogo juu ya lengalenga. Nikakusingizia. Samaki niliua mimi."

Mtengeneza pikipiki akaacha nyundo. Nilisubiri Amisi akasirike, na alikuwa na haki. Nilikuwa tayari kwa tusi, nilikuwa tayari hata anigeuzie mgongo apande pikipiki aende.

Akaniuliza, "Mabeseni ngapi?"

"Mbili."

"Na pompi ilikuwa inatembea?"

"Ilikuwa inatembea. Haikusimama hata kidogo."

"Na samaki asubuhi walikula?"

"Walikula vizuri. Waligombana."

Akaketi juu ya begi lake, taratibu, akashika kichwa. Mabega yakaanza kutikisika. Nilidhani analia, na kweli alikuwa analia, lakini alipoinua uso alikuwa anacheka pia.

"Mama," akasema, "basi kitu inafanya kazi."

Hapo ndipo nilipoelewa nilichokuwa nimemnyang'anya, mwanangu, na ndicho ninachotaka uondoke nacho leo. Samaki walikuwa sehemu ndogo. Kijana yule alikuwa ameokota kokoto moja moja, amesubiri wiki tatu akichekwa, amefanya kila kitu sawasawa, na mimi kwa neno moja nilimfanya aamini kwamba hajui kitu. Nilimfundisha somo la uongo. Angeishi mgodini miaka yote akisema, nilijaribu mimi, nikashindwa, kumbe hakushindwa.

Tulirudi pamoja siku iliyofuata. Hasira alikuwa nayo, usidhani hakuwa nayo. Siku kadhaa alinijibu kwa neno moja moja, na nilistahili. Tukamwaga maji yote, tukapeleka kokoto mtoni, tukaziosha, tukazianika juani, tukaziosha tena. Maji mapya niliyachota mimi, kwa kichwa changu, kutoka kisima kile kile nilichokionea uvivu, na nilikataa kusaidiwa. Tukasubiri maji yakomae, na safari hii mimi ndiye niliyewafokea majirani waliocheka. Vifaranga vipya vikaja. Mvua ya kwanza ilipopiga bati samaki walikuwa wazima, wanaruka kufuata matone.

Bibi Kalunga alikula kichwa cha samaki wa kwanza, kwa mafuta ya mawese na wali, akanyonya mpaka mfupa wa mwisho. Alisema chumvi haitoshi. Mungu amrehemu.

Sasa sikiliza nasaha, maana Amisi nasikia anaongea huko njiani. Anza na pipa moja, usitamani matatu. Kokoto ziwe za mtoni. Subiri maji hata majirani wakikucheka, na beseni lako la muhogo likae upande wa pili wa uwanja. Kila mtu wa nyumba yako ajue kwamba katika mtambo huu hakuna juu wala chini: unachozipa mboga umewapa samaki. Na siku utakapokosea, kwa kuwa utakosea, useme siku hiyo hiyo, kwa mdomo wako, kabla mtu mwingine hajajitwika. Kosa lililosemwa ni kazi ya kuosha kokoto tu. Ukilificha, unamwibia mwenzako kile alichojifunza kwa jasho lake. Katika nyumba hii hata mjukuu akitia kidole majini anapaza sauti, "Nimegusa!" na mimi nikitia mkono napaza sauti vilevile, na wananicheka.

Mungu ayatunze maji yako, mwanangu. Akupe lengalenga za kumgawia jirani na samaki wa kumpa mgeni. Watoto wako wabaki karibu, na wale watakaokwenda waende na mizigo yao tu, isiwe yako. Na siku ile neno la uongo litakapokujia mdomoni, akukumbushe bibi mmoja juu ya pikipiki, katikati ya vumbi la Kabambare, akimfuata mwanawe.

Huyo hapo anaingia na kokoto zake. Nenda umpokee gunia.