Beji ya Mkono wa Kulia

Wakati ule kila mtaa wa Nakuru ulikuwa na ajenti wake wa kupeleka watu kazi Saudia, na mimi nikampata wangu kupitia mteja. Nilikuwa fundi wa nguo, nikishona sare za shule kwenye kibanda karibu na stendi. Kazi ilipopungua nikafunga cherehani, nikamwachia mamangu, nikapanda ndege kwenda Riyadh kufanya kazi za nyumbani.

Bosi wangu alikuwa mwanajeshi, afisa wa cheo cha kati. Nyumbani tulimwita baba. Alikuwa mtu wa maneno machache hata kabla ya vita. Mkewe, madam, ndiye aliyeendesha nyumba, na alipogundua kuwa najua kushona, nguo zote za mle ndani zikawa zangu: abaya zake, sare za watoto za shule, na mashati ya baba ya kazini.

Mamangu alifariki mwaka wangu wa kwanza. Dadangu alinipigia simu mchana, nikiwa jikoni. Nilimwendea madam sebuleni, nikamwambia mama amekufa, naomba kwenda nyumbani kumzika. Akanitazama, akasema pole, kisha akasema mkataba haujaisha na ni Ramadhani, nani atapika? Pasipoti yangu ilikuwa kwenye kabati la baba, na baba hakuwa nyumbani. Nikasema sawa. Nikarudi jikoni nikaendelea kukunja sambusa, kwa sababu wageni walikuwa wanakuja kufuturu.

Sikulia siku hiyo wala siku zilizofuata. Nilifanya kazi vizuri. Madam hata alimwambia jirani kwamba siku hizi nimetulia.

Baadaye baba alipelekwa kusini, mpakani, kwenye vita vya Yemen. Aliporudi alikuwa amekonda na sikio moja halikusikia vizuri. Ukimwita kutoka upande ule hakugeuka. Watoto walizoea haraka, wakawa wanamzunguka kwanza ndipo waseme. Haukupita muda akahamishiwa ofisi moja ya jeshi Jeddah, nasi wote tukahamia huko, kwenye nyumba ya ghorofa mbili mtaa wa Al-Hamra. Kule Riyadh nguo zilikauka kabla hujamaliza kuanika. Jeddah zilibaki na unyevu wa bahari hadi uzipige pasi.

Wiki ya kwanza Jeddah, baba aliingia chumba cha kufulia akiwa na mashati mapya ya sare na beji za kitambaa. Zile za mavazi ya uwanjani hubandikwa tu kwa ile kanda ya kunata, lakini hizi za ofisini zilitakiwa kushonwa. Akaweka beji mpya kwenye mkono wa kushoto wa shati.

"Hii hapa," akasema.

Kisha akatoa ya zamani, ya kikosi alichokwenda nacho kusini, akaiweka mkono wa kulia. "Na hii hapa."

Beji ile ilikuwa imepauka na pembe moja imeanza kukatika nyuzi. Alikuwa na hiyo moja tu, basi nikaishona kwenye shati moja, na shati hilo ndilo alilolivaa karibu kila siku. Nililifua jioni na kulipiga pasi asubuhi.

Madam hakuipenda. Alisema ni chafu, inaharibu shati. Lakini nilijua sababu siku kaka yake alipokuja kula chakula cha mchana. Naye alikuwa mwanajeshi, na alifanya kazi ofisi ile ile. Niliingia na kahawa wakiwa tayari wanabishana, na Kiarabu changu cha jikoni kilitosha kufuata.

"Itoe," kaka yake madam alikuwa anasema. "Kikosi chako ni hiki ulicho nacho sasa. Ukihamishwa, umehamishwa."

"Mkuu wa idara ya pili anayo ya zamani," baba akajibu. "Hakuna anayemwambia kitu."

"Yule ni mkuu. Wewe wanasema unajionyesha. Wanasema unataka watu wajue ulikuwa vitani."

"Nilikuwa."

"Sijasema hukuwa. Nasema sheria."

Baba akamwuliza, bila kupandisha sauti, "Na wewe ulikuwa wapi?"

Kaka yake madam akaweka kikombe chini. Madam akaniambia, "Yalla, haya, toa sahani." Nikatoa sahani.

Kwenye nyumba ile kulikuwa na Mkenya mwingine, dereva, mwanamume wa kutoka Bungoma. Wanawake hawakuruhusiwa kuendesha gari miaka ile, kwa hiyo yeye ndiye aliyempeleka madam sokoni na watoto shule. Kabla ya hapo alikuwa mlinzi kwenye jengo moja la Olaya, Riyadh, na kabla ya hapo, Kenya, alikuwa mwanajeshi. Alikuwa amepigana Somalia. Nilimpelekea chai akiosha gari, nikamweleza habari ya beji.

"Sisi, dadangu, ukitoka unarudisha kila kitu," akasema. "Buti, mkanda, kofia. Ukionekana mtaani na jaketi la jeshi unashikwa, hata kama ulilivaa miaka yote."

"Hukuficha hata beji?"

"Ya nini?" Akaendelea kusugua rimu. "Pale Olaya kulikuwa na soja mmoja wa ulinzi, Mkenya mwenzetu, pia alikuwa jeshini. Alishona beji yake ya zamani kwenye sare ya ulinzi. Msimamizi alimwambia atoe, akakataa. Wakamrudisha nyumbani. Kwa sababu ya kitambaa."

"Wewe ulimwonaje?"

"Nilimwona mjinga." Akanywa chai. Baadaye kidogo akasema, "Lakini wakati anashona ile beji, ni mimi nilimshikia tochi."

Akanirudishia kikombe, akarudi kwenye rimu.

Amri ilikuja mwezi uliofuata. Baba alirudi mapema, akapita moja kwa moja hadi chumba cha kufulia, akavua shati akabaki na fulana. Akaliweka juu ya meza ya pasi.

"Mkubwa amesema halas, basi," akaniambia. "Toa."

Nikachukua wembe. Kufumua beji si kazi kubwa, unakata uzi mmoja baada ya mwingine upande wa ndani, kisha unaivuta. Nilidhani ataondoka, lakini alivuta kiti akakaa, sikio lake zima likiwa upande wangu. Ilipotoka, kitambaa cha chini kilikuwa cheusi kuliko shati lote, kwa sababu hakikupigwa jua wala sabuni. Umbo la beji lilionekana wazi.

"Bado ipo," akasema.

"Nikifua mara nyingi itapungua, baba."

Akatikisa kichwa. Kisha akasema, akitazama lile shati, "Madam aliniambia habari ya mama yako. Aliniambia baada ya vita. Nilikuwa na pasipoti yako na sikujua."

Nikabaki nimeshika wembe.

"Allah amrehemu," akasema.

"Asante, baba."

Nilingoja nione kama nitasikia kitu. Nilikuwa nimefikiria mara nyingi kwamba mtu wa nyumba ile akinipa pole ya kweli, nitaanguka chini. Sikuanguka. Nilikusanya vipande vya uzi nikavitupa kwenye taka. Naye akainuka, akaniachia beji mezani, akaenda kulala. Nikaiweka kwenye kopo la vifungo, kwa kuwa sikuwa nimeambiwa niitupe.

Lile shati lenye alama hakulivaa tena. Madam alinipa nilifanye matambara. Nikalikata mikono na mgongo, nikapangusia madirisha ya mbele, ambayo chumvi ya bahari huyachafua kila siku. Siku moja baba alipita nikiwa juu ya ngazi. Aliuona mkono wa shati ndani ya ndoo. Alisalimia, akaingia garini.

Mwaka uliofuata mkubwa wa ofisi ile akabadilishwa. Huyu mpya alikuwa amekwenda kusini mwenyewe, na hakuchukua muda kabla ya kutangaza kwamba kila aliyekuwa vitani anaruhusiwa kuvaa beji ya kikosi alichopigana nacho, mkono wa kulia. Habari zililetwa nyumbani na kaka yake madam, yule yule aliyesema itolewe. Alisema sasa wasio nayo wanaona haya. Wengine, alisema, wanatafuta barua za kuthibitisha kwamba walifika hata kwa juma moja.

Madam akaja mbio chumba cha kufulia. "Iko wapi ile beji ya baba?"

Nikafungua kopo nikampa. Akaipangusa kwa kidole gumba, akaibusu, akampelekea mumewe sebuleni. Nilikuwa mlangoni.

"Mafi," baba akasema. Hataki. "Halas, ilishatolewa."

"Watu wote watavaa. Watadhani hukwenda."

"Waache wadhani."

"Na wanao je? Wanao wawaambie nini wenzao?"

Baba alifumba macho, akaegemeza kichwa kwenye kochi. Madam akageuka akanipa beji. "Shona."

Nikamtazama baba kwanza. Hakufungua macho, lakini alisema, "Ishone tu, binti."

Nikaishona kwenye shati jipya. Asubuhi alilivaa kama anavyovaa soksi, bila kujitazama kwenye kioo. Madam alimpiga picha mlangoni akazituma kwa jamaa zake. Dereva alikuwa anawasha gari la watoto. Aliangalia ule mkono wa kulia, akaangalia pembeni.

"Wamemrudishia," nikamwambia baadaye.

"Nimeona." Akafunga boneti. "Yeye amesema nini?"

"Hakuna."

"Basi," akasema.

Mkataba wangu uliisha mwaka huo. Baba aliniletea pasipoti mwenyewe jikoni, ndani ya bahasha, na tiketi. Aliyekuja kuchukua nafasi yangu alikuwa msichana wa Kilifi, Mwislamu, mchangamfu, aliyekuwa bado anapigia nyumbani simu kila jioni. Nilikaa naye siku chache nikimwonyesha kazi: namna madam anavyotaka wali, dirisha lipi halifunguki, kwamba baba umzungumzie kutoka upande wa kushoto. Mwisho nikamwonyesha sare.

"Ya sasa inakaa kushoto, ya zamani kulia," nikamwambia. "Ukibadilisha shati, fumua kwa wembe, usivute."

"Kwa nini avae mbili, dada?"

Nikamwambia ndivyo wanavyotaka kwa sasa. Aliitikia, akachukua pasi, akalowesha kola kwa maji kidogo, akaanza. Alikuwa na mkono mzuri. Nikamwacha nikaenda kufunga begi langu.