Bustani za Mjini Msimu wa Ndege

Miaka ile ya tisini serikali iliamua kwamba sisi watu wa Ifakara mjini tulime. Wazo zuri, ingawa sikumbuki kumjua mtu pale ambaye alikuwa halimi. Bwana shamba akapita nyumba hadi nyumba na mbegu za bure za kabichi na nyanya, akahubiri bustani za uani mpaka sauti ikamkauka. Mwisho akatoa habari iliyonikosesha usingizi: mkubwa angekuja kutoka mkoani kukagua, na uani kwa mwenye bustani bora ndipo serikali ingechimba kisima na kufunga pampu ya mkono.

Niliitaka ile pampu kuliko doti ya kanga. Nilikuwa nimeolewa karibuni, na maji tulichota mto Lumemo, ndoo kichwani, asubuhi na jioni. Nikalima kama niliyepagawa. Kabichi zikafunga, zikanona, hata bwana shamba alipopita akasimama kuzishangaa.

"Dada, pampu hii ni yako," akasema. Siku hiyohiyo nikachagua mahali pa kuiweka, karibu na jiko.

Kisha mpunga ukaanza kutia maziwa. Mtu asiye wa kwetu hawezi kuelewa. Mpunga ukifika hapo ndege wanashuka, na mji unahama. Watu wanabeba sufuria, mikeka na kuku, wanakwenda kukaa mashambani mpaka mavuno. Mama mkwe alikuwa ameshafunga virago.

"Mama, na kabichi?"

"Zinaliwa na ndege?"

"Hapana."

"Basi zinakusumbua nini? Beba sufuria."

Tukaenda shambani kwetu Mofu. Bustani nikamwachia Mungu.

Siku moja nikiwa juu ya dungu, kile kichanja cha kulindia mpunga, napiga debe na kuwatukana ndege, nikasikia mwanamume shamba la jirani akiwatukana vizuri kunishinda. Nikachungulia. Bwana shamba! Kaptula imejaa tope, kombeo mkononi.

"Shikamoo, mama," akamwahi mama mkwe kabla sijafungua mdomo.

"Marahaba. Wamekuzidi?"

"Wamenizidi, mama. Halafu tarishi kanifuata huku na baiskeli. Mkubwa wa mkoani anakuja kesho."

Nilitamani kumrushia debe. Tukamwachia mume wangu ndege wote, wetu na wa bwana shamba, alfajiri mimi, mama mkwe na bwana shamba tukadandia lori la mkaa kurudi mjini.

Mtaa ulikuwa mtupu, milango imefungwa. Aliyebaki ni mzee mmoja mfuga mbuzi, ambaye hakulima mpunga wala kuchukua mbegu za serikali. Kwa kuwa hapakuwa na wa kumgombeza, mbuzi alikuwa amewafungulia wajitafutie. Walikuwa wamejitafutia kwangu. Kabichi zilibaki vishina.

Mkubwa alipofika akavitazama vile vishina, akautazama mtaa.

"Wakulima wako wapi?"

"Wako shambani, mzee," bwana shamba akajibu.

"Shamba si hili hapa?"

"Hiyo ni bustani, mwanangu," mama mkwe akamsahihisha kwa upole. "Shamba liko Mofu."

Mkubwa akatuangalia sisi, nyuso zimejaa vumbi la mkaa. Akaendelea na ukaguzi mpaka kwa yule mzee, akamkuta ametulia kibarazani, mbuzi wamelala, samadi imejaa uani. Akafurahi sana. Huyu, akasema, ndiye mkazi wa mjini wa kweli, na samadi yake itafaa bustani za mtaa mzima. Nililia palepale, mbele ya wageni, wala sikujali.

Pampu ikafungwa kwa mfuga mbuzi. Maji yalikuwa matamu na ya baridi, na mzee hakumnyima mtu. Alikuwa na sharti moja tu: kabla ya kujaza ndoo yako, jaza kwanza karai la mbuzi. Siku ya kwanza nilipampu huku nimewakazia macho. Walikunywa taratibu, bila haraka yoyote, na walipomaliza, mzee akaniomba niwaongeze.