Kaseti ya Kutoka Kismayu

Mwanangu, nianze na ujinga wenyewe kabla hujausikia kwa wengine: nilijifunika blanketi, nikavuta redio kaseti ya watu karibu na mdomo, nikakohoa mara mbili, nikawa baba yangu.

Usinicheke nikikuita mwanangu. Niko kidato cha pili, ndevu zangu ni tano, na mbili kati ya hizo nazishuku. Lakini wewe umeingia kidato cha kwanza juzi, nami nina likizo moja ya Agosti iliyonizeesha, kwa hiyo kaa chini usikilize.

Baba ni mfanyabiashara wa ng'ombe. Alikuwa akiwanunua Kismayu, ng'ambo ya mpaka, na kuwaswaga mpaka soko la mifugo hapa Garissa. Akiwa huko haandiki barua. Kwetu nani anaandika barua? Alikuwa anarekodi kaseti, anampa dereva wa lori, nasi tunakusanyika kuisikiliza. Na kaseti ya mtu mwenye adabu haina haraka. Kwanza bismillahi, kisha salamu: kwa mama, kwa wazee mmoja mmoja, kwa majirani, kwa mbuzi, kwa mvua kama imenyesha. Upande wa kwanza ukikaribia kwisha ndipo unasikia habari yenyewe. Mimi nilikuwa nalala kwenye salamu.

Halafu vita vikapamba moto upande ule, kaseti zikakoma. Mwezi wa kwanza bila kaseti tulisema barabara ni mbaya. Mwezi wa tano hatukusema kitu. Mama aliendelea kupakua sahani ya baba kwa mazoea, mimi nikaendelea kuila, na hilo pia hatukulizungumza.

Ndipo nikapanga safari ya Kismayu. Shuleni nilitangaza kwamba naenda kuona bahari. Nilipima kwenye atlasi: kutoka Garissa ni vidole vitatu tu, na vidole vitatu ni nini kwa mwanamume? Ningepanda lori la mahindi mpaka Hulugho, karibu na mpaka, kisha nifuatane na wachungaji wanaorudi kwao. Nilitafuta hata chupa ya kuchotea maji ya bahari, niwaonjeshe wale wasioamini habari ya chumvi.

Rafiki yangu Dekow aliniuliza, "Na ukifika, mji mzima ule, utaanzia wapi kumtafuta?"

"Kumtafuta nani? Nimesema bahari."

"Haya maze, bahari," akasema, akaangalia kando.

Mama alikataa bila kuinua macho kwenye mkeka aliokuwa anasuka. "Hooyo," akaniambia. Hooyo ni mama. Kwetu mama humwita mtoto wake kwa jina hilohilo, na ukiitwa hivyo ubishi wote unakuishia. "Hooyo, bila neno la baba yako, hutoki hata nje ya Garissa."

Sawa. Anataka neno la baba? Nitampa.

Kaseti tupu hatukuwa nayo. Nilichukua moja kutoka mkebe wa biskuti ambamo mama alihifadhi kaseti za baba, ile ya juu kabisa. Sikujiuliza kwa nini ilikuwa ya juu. Nilibandua karatasi yake ya jina, nikaziba kile kitundu cha juu ili ikubali kurekodi, kisha tukajifungia chumbani kwa kina Dekow.

"Kohoa basi!" Dekow akasema. "Baba yako hamalizi maneno matatu bila kukohoa."

Nikakohoa. Nikasema kwa sauti nzito kwamba mimi ni mzima, kwamba niko Kismayu, kwamba kijana atumwe kwangu likizo hiihii.

"Umewasahau mbuzi," Dekow akanong'ona.

"Baba ana haraka leo." Tukacheka mpaka tukaanguka. Kisha tukaipaka kaseti vumbi, tukaifunga kwa mfuko wa nailoni, ionekane imesafiri, nikampelekea mama, nikasema dereva wa lori ameileta.

Nilidhani mama ataisikiliza peke yake. Kumbe alivaa nguo ya Idi, akafukiza ubani, akawaita majirani na mdogo wake, habaryar Fatuma. Chai ya maziwa ya ngamia ikapita. Mama akaweka kaseti mwenyewe, kwa mikono miwili.

Nikamsikia "baba" akikohoa. Wanawake wakapiga vigelegele. Habaryar akacheka: "Vita vimemfundisha haraka! Hata salamu hakuna!" Mama hakucheka. Mimi nilikuwa nimeshaanza kujipongeza, kwa hiyo sikukumbuka kuzima maneno yangu yalipokwisha. Kaseti ikafanya tak. Kisha akatoka baba, baba mwenyewe, katikati ya salamu zake:

"...na yule mbuzi mweupe wa Fatuma, bado ana wazimu?"

Habaryar aliweka kikombe chini. "Mbuzi yule tulimchinja mwaka jana," akasema polepole.

Wakaondoka mmoja mmoja, wakaacha chai imejaa vikombeni. Nyumba yetu haijawahi kuwa kubwa namna ile.

Basi mwanangu, nasaha yangu ndiyo hii. Ukitaka safari, iombe kwa mdomo wako, na ukinyimwa, nyimwa. Ukimtafuta mtu, sema unamtafuta. Usijifiche nyuma ya bahari, maana ningesema namtafuta baba, mama angejua kwamba hangoji peke yake. Na aliye mbali usimsemee, hata kwa mzaha. Sauti yake iliyobaki ni kidogo kuliko unavyodhani. Kaseti nyingine haijafika mpaka leo. Mungu akupe umri, akupe barabara zilizo wazi, na kila unayemngoja amfikishe mlangoni kwako akiwa mzima, akiwa na salamu ndefu za kukuchosha.

Mama hakunipiga. Ningefurahi kama angenipiga. Wageni walipokwisha kuondoka, alirudisha kaseti mpaka mwanzo, akasikiliza kikohozi changu, akazima. Kisha alisema hivi, siongezi wala sipunguzi:

"Hooyo, hapo unapokohoa ndipo aliponisalimia mimi. Hiyo hairudi. Kwa hiyo Kismayu huendi. Kila asubuhi utakuja hapa unisalimie, kwa sauti yako."