Mwantum Anarudisha Bia ya Gati

Mwantum ni jirani yangu, na kabla sijasema lolote mjue niko upande wake. Anayetaka habari ya kupima pande mbili akaitafute kwingine.

Alizaliwa Buyenzi, mtoto wa fundi cherehani, akaja Ruziba kuolewa na mvuvi. Watu wa kwao walimcheka, wakasema mtoto wa mjini ataiweza wapi harufu ya ndagala, vile visamaki vya kuanika. Akaiweza. Mume alipofariki alimwachia watoto na mtumbwi. Mtumbwi ukaoza, watoto wakakua wakaenda zao, Mwantum akabaki na kazi moja: kupokea ndagala asubuhi boti zinapoingia, kuzianika mchangani, kuzigeuza na kuziuza. Kunguru wa Ruziba wanamjua kwa sauti. Hata akikusalimia utadhani anakufukuza. Tunaanika ubavu kwa ubavu, yeye na msikiti wake, mimi Marguerite na kwaya yangu ya parokia, na nimegombana naye mara nyingi kuliko nilivyogombana na mume wangu Gaspard.

Basi ziwa likapanda. Miaka ile maji yalikula nyumba za watu, yakala barabara, yakala mchanga wetu wote isipokuwa kipande kimoja. Boti zote za upande wetu zinaingia hapo. Kikifungwa, zinahamia mbali, na sisi waanikaji tunabaki na mabeseni matupu. Hicho ndicho tulichokuwa tunagombania, msije mkaambiwa tulionea mtu wivu wa mali yake.

Mwenye mali ni patron Arnaud, tajiri anayekaa Kinanira juu kule. Alinunua kiwanja jirani na mchanga wetu, akataka gati la kuegesha boti yake ya matembezi ya Jumapili. Boti yenyewe ndogo, ukimpakia shangazi yako mnene inalalamika. Lakini gati alilolianzisha lingepokea meli ya saruji. Nguzo zilitokea kwake, zikapinda, zikapita mbele ya mchanga wetu kama mtu aliyenyoosha mguu mlangoni. Tukauliza, mtu mmoja na kiboti kimoja, urefu wote huu wa nini?

Badala ya jibu akamtuma msimamizi wake Bonfils, kijana wa maneno matamu. Bonfils alichagua siku vizuri. Ulikuwa wakati wa mbalamwezi, na mwezi ukiwaka wavuvi hawaendi ziwani, kwa sababu taa zao hazivuti ndagala. Wanaume walikuwa wamekaa bure, koo zimekauka. Akashusha makreti ya bia, na ya Fanta kwa Waislamu.

"Patron anawasalimia," akasema. "Kunyweni, ni ujirani tu."

Wakanywa. Gaspard wangu alikunywa mpaka akamwimbia Bonfils wimbo wa harusi. Sisi wanawake tulikuwa sokoni.

Sasa, kila Mrundi anajua jambo hili. Ukinunua shamba au ng'ombe unaleta bia, na wanaoinywa ndio mashahidi wako. Tunaiita agatutu. Ukishaimeza huwezi kesho kusema hukuona wala hukukubali. Wanaume wetu wanalijua hilo tangu utotoni, lakini walimwona mtu ametoa kwa mikono miwili, wakasahau kuuliza anatolea nini. Nilikasirika hadi nikashindwa kupika.

Haikupita muda, shefu wa mtaa akatuita mkutanoni. Bonfils akasimama, shati jeupe, akasema watu wa Ruziba walikwisha kunywa agatutu ya gati, waulizwe wenyewe. Shefu ni mtu wa haki. Akawauliza wanaume mmoja mmoja kama walikunywa, nao wakaitikia huku wanatazama chini.

"Basi mulishuhudia," shefu akasema, na sauti yake haikuwa na furaha. "Bia ya mashahidi haitapikwi."

Gaspard akamnong'oneza Mwantum, "Tuache, Mama Rachidi. Mwenye nguvu mpishe."

"Umupishe we," Mwantum akamjibu kwa sauti yake ya kufukuzia kunguru, mkutano wote ukasikia. "Mi sina pengine pa kupita."

Kisha akasimama. "Shefu, haitapikwi, sawa. Lakini mutu akikataa posa ya binti yake, si anarudisha bia ya watu?"

Shefu akaitikia kwa kichwa. "Anarudisha," akasema. "Lakini mbele ya mashahidi, Mama Rachidi, na mashahidi wasiwe ndugu zake."

Bonfils akacheka. Nani wa nje angekuja Ruziba kushuhudia dhidi ya patron?

Njiani nilimuuliza Mwantum mashahidi atawatoa wapi, akaniambia nifunge mdomo. Akaanza na lile aliloliweza. Alipita mlango kwa mlango akidai kila mwanaume arudishe alichokunywa. Gaspard alisema alikunywa chupa moja. Nikamtazama. Akaenda kununua kreti.

Asubuhi tulipanda kwenye gati, sisi wanawake peke yetu, makreti vichwani. Mwantum alibeba Fanta. Bia alikataa kuigusa. "Ya haramu mubebe nyie Wakristo," akasema, "ni ninyi mulioolewa na walevi." Mbao zilikuwa mpya, zinalia chini yetu. Patron Arnaud alikuwa kule mwisho na Bonfils, na mafundi wake wanapigilia misumari juani.

"Patron, habari ya asubuhi," Mwantum akasema. "Tunakurudishia bia yako. Gati hili hatulikubali."

"Siipokei," patron akasema, wala hakuwa mkali. "Na mashahidi wako wapi? Hawa mama wa ndagala?"

Mwantum akashusha kreti. Nilimwona anawatazama mafundi. Mafundi wa patron, watu wa mjini, ambao hata mmoja si ndugu yetu, midomo imepauka kwa kiu.

"Wanangu," akawaambia, "pumzikeni kidogo. Hii ni bia ya watu wa Ruziba. Atakayekunywa atashuhudia kwamba gati tumelikataa na bia ya patron tumeirudisha. Nawaambia mbele. Mi sidanganyi mutu kwa chupa."

"Asikunywe mutu!" Bonfils akapiga kelele.

Mkuu wa mafundi, mzee wa makamo aitwaye Chabani, alimtazama patron, akatutazama sisi, akatazama ule mchanga wetu mwembamba nyuma ya nguzo zake mwenyewe. Akachukua Fanta. Akasema bismillahi, akaimaliza pale pale, akafuta mdomo.

"Nimeshuhudia," akasema.

Wengine wakafuata. Na aliyeshuhudia kwamba kitu kimekataliwa hawezi tena kukipigilia msumari. Nyundo zikawekwa chini, wakakusanya vyombo vyao, wakaondoka mmoja mmoja wakitupungia mikono. Nilifurahi, sitaficha. Nilicheka hadi kitenge kikanifunguka.

Patron alileta mafundi wengine. Tukawapelekea vinywaji nao, tukawaambia maneno yale yale, wazi. Bado sijamwona fundi wa kukataa kitu baridi saa sita ya mchana. Sasa patron ametushtaki, mambo yako mahakamani, na hatujashinda chochote cha kuandikwa. Nguzo zimesimama majini mpaka leo, boti zinapenya kati yake kwa shida, na siku nyingine moja wapo inajikwaruza. Mwantum ameambiwa anaweza kufungwa. Amesema gerezani nako watu wanakula ndagala.

Wiki iliyopita patron alikuja peke yake, mapema, akatembea mchangani na viatu vyake vya ngozi hadi ukingo wa maji, mbele ya Mwantum. Alionekana amechoka.

"Mama," akasema, "mimi si mtu mbaya. Nitakupa kibanda sokoni, chenye bati na mlango. Hutaanika tena juani. Niambie tu, unataka nini?"

Mwantum alikuwa ameinama. Akanyanyuka, akashika kiuno, akatazama nyuma ya bega la patron.

"Nataka utoke hapo," akasema. "Boti inaingia."

Patron akageuka, akaiona, akatoka.