Mikono ya Baba na Freni za Gari

Gari yetu ilianza kutetemeka wakati wa kushuka kutoka Fizi kuja Baraka, na mtu wa kwanza kuona alikuwa mama. Siku za soko yeye hukaa mbele, mimi nyuma na magunia ya maharagwe. Lakini mama hakuona gari, aliona mikono ya baba. Kila baba alipokanyaga freni kwenye mteremko, mikono yake ilicheza juu ya volani kama ya mtu anayepepeta mchele.

“Baba ya batoto, unatetemeka,” mama alisema.

“Ni gari.”

“Gari iko na mikono?”

Mimi nilicheka kule nyuma. Baba hakucheka.

Baba aliendesha malori njia ya Misisi tangu kabla sijazaliwa, na alipoacha ile kazi alinunua hii gari ndogo. Ni yeye aliyenifundisha kuendesha, mimi binti yake. Shule niliacha mapema, lakini kichwani nilikuwa nimeshafika Lubumbashi na lori langu mwenyewe, tena mara nyingi.

Mama alipeleka neno kwa baba mudogo, yaani mdogo wake baba. Kwetu jambo kama hilo haliamuliwi na watu wawili chumbani, kwa hiyo kikao kikapangwa Jumapili baada ya ibada. Nilijua watakachosema: mzee apumzike, ufunguo ukae kwa baba mudogo.

Ijumaa asubuhi nilimkuta baba amesimama uani, mkono ameunyoosha, kikombe cha maji kimejaa hadi mdomo juu ya kiganja. Alikuwa anakiangalia. Halikumwagika hata tone, lakini uso wake haukuwa uso wa mtu aliyeridhika. Nilirudi ndani polepole, nikapika uji. Tulipokuwa tunakunywa nikamwambia, kama neno la kawaida tu, tupeleke gari kwa fundi kabla ya Jumapili. Alikubali haraka kuliko nilivyozoea.

Fundi wetu anafanya kazi chini ya bati moja karibu na parkingi ya pikipiki. Hakufungua kitu kwanza. Alishika volani mwenyewe, akatupeleka barabarani. Bila freni, gari ilitulia. Alipokanyaga freni, volani ikacheza mikononi mwake, na fundi ni kijana wa umri wangu. Kisha akavuta freni ya mkono polepole, ile inayoshika magurudumu ya nyuma tu. Gari ikapunguza mwendo bila kutetemeka.

“Ugonjwa iko mbele,” alisema.

Tuliporudi aliinua mbele kwa kriki, akatoa gurudumu. Nyuma yake kulikuwa na disiki, sahani ya chuma ambayo freni huibana ili gari isimame. Akairudishia nati mbili isilegee, akaweka ncha ya bisibisi karibu nayo sana, akaniambia niizungushe.

“Unasikia, dada? Inagusa, inaacha. Inagusa, inaacha. Imejikunja.” Akapaka chaki pale ilipogusa, akamgeukia baba. “Disiki haijikunjake bure, muzee. Gari munaosha wapi?”

“Ziwani, kama bantu yote.”

“Saa gani?”

Baba akaniangalia, maana yeye hakujua. Kuosha ilikuwa kazi yangu, nikaeleza.

Siku za soko, tukishashusha magunia, baba alikwenda kuoga, na mimi nilipeleka gari moja kwa moja hadi ufukweni, pale mchanga ulipo mgumu na watu wanaingiza gari na pikipiki majini. Niliingia hadi maji yafike nusu ya magurudumu. Freni zilikuwa bado zina moto wa mteremko wote wa Fizi. Mvuke ulipanda, shiii, na mimi niliupenda. Nilifikiri gari inapumua baada ya kazi.

“Chuma ya moto ndani ya maji ya baridi,” fundi alisema. “We ulikuwa unaipika. Uache ipoe kwanza, ndiyo uoshe.”

“Ahaa,” baba alisema. Baada ya muda akasema tena, “Ahaa.” Njia yote ya kurudi alipiga mluzi.

Jumapili alikuja baba mudogo na mke wake. Baba alieleza habari ya disiki, lakini hakusema ni nani aliyeingiza gari majini.

“Fundi ni rafiki yako, yaya,” baba mudogo alisema. Yaya ndivyo anavyomwita kaka yake. “Atasema nini ingine?”

Nikaona baba akiendelea kunificha, ufunguo umekwenda.

“Baba mudogo, ni mimi,” nikasema, na nikaeleza yote, hata ule mvuke.

Mke wake alicheka mpaka akafuta machozi. “Kumbe mutoto anachemsha gari! Siku ingine uitie chumvi.”

Baba mudogo alikuwa hajakubali. Nikamwambia aendeshe mwenyewe, apande kule kilimani kwenye antena ya simu, ashuke na freni.

“Enda,” mke wake akasema, “we mwenye mikono mizima.”

Alikwenda. Tulimngojea mbele ya nyumba. Aliporudi alikaa kidogo ndani ya gari, anaangalia viganja vyake. Kisha akashuka, akampa baba ufunguo kwa mikono miwili.

“Kamata, yaya. Imenitikisa mpaka meno.”

Baba aliupokea, akaingia ndani. Mama alibaki anaangalia mlango. Baadaye akaniuliza kama disiki zinapatikana Uvira.

“Iko, mama. Fundi anasema zinaweza kufika kesho kutwa.”

“Basi utume neno leo. Soko ni siku ya ine, hii Alhamisi. Nani atatupandisha Fizi kama si baba yako?”