Kipande cha Mama Mbele ya Altare

Jumapili ya kwanza ya Majilio mwaka huu nilitoka kanisani hapa Kisumu kwa miguu, polepole, kwa kuwa nyumbani hapakuwa na mtu wa kunisubiri. Tulimzika mama mwezi wa Septemba. Karibu na soko ng'ombe walikuwa wakipekua takataka, kama wanavyofanya ng'ombe wa mji huu, na mmoja akaacha kinyesi barabarani mbele yangu. Vijana wakaruka pembeni wakicheka. Mimi nilisimama. Ile harufu mbichi, ya majani yaliyotafunwa yakiwa bado na joto la tumbo, ilinirudisha kijijini kwetu Usenge, kando ya ziwa, nikawa tena msichana mdogo mwenye mikono ya kijani hadi kwenye viwiko.

Wengine wakikumbuka Krismasi wanakumbuka chapati. Hata sisi tulikula chapati, mara moja kwa mwaka, na tulinawa mkono mmoja tu ili ule mwingine ubaki na harufu ya mafuta. Lakini kabla ya chapati kulikuwa na kinyesi cha ng'ombe. Usicheke, ndugu yangu. Kanisa letu lilikuwa la udongo na mabati, sakafu yake ya ardhi, na kila Jumamosi ya Majilio akina mama waliisiriba upya. Sisi watoto tuliokota kinyesi kwenye maboma asubuhi na mapema, kabla jua halijakikausha, tukakibeba kwa madebe. Wengine walileta udongo mfinyanzi, wengine maji kutoka ziwani, yenye magamba ya omena, dagaa wa kwetu, yakielea juu. Akina mama walichanganya kwa miguu, kisha wakapiga magoti wakaanza kupaka kwa viganja, wakirudi nyuma taratibu, huku wakiimba nyimbo za kungojea.

Kila mama alikuwa na kipande chake. Hakuna aliyeandika wala kugawa. Ilijulikana tu, kama inavyojulikana shamba la mtu. Hata mkono wake ulijulikana, kwa jinsi vidole vilivyoacha mistari. Kuna aliyechora nusu duara, kuna aliyechora mawimbi. Mama yangu alikuwa na kipande cha mbele ya altare, pale watu walipopiga magoti kupokea Komunyo, kwa sababu sakafu yake haikupasuka. Hakuwa na cheo kingine kanisani. Hakuimba vizuri, kusoma hakujua. Kile kipande ndicho kilichokuwa chake.

Kisha, mwishoni mwa miaka ya sabini, baba akafa. Alikuwa mpakiaji wa mizigo bandarini Kisumu, akaugua kifua, akaletwa nyumbani amelala. Kwa mila yetu, mjane hakuingia nyumba ya mtu mwingine mpaka ndugu wa marehemu amrithi. Akiingia kabla ya hapo, anaweza kuleta chira, ile laana ya kuvunja mila inayowakondesha watoto mpaka kaburini. Mama alikataa kurithiwa. Alisema amebatizwa, atakaa na Mungu wake na watoto wake. Baba mdogo hakugombana naye. Alisema tu, "Shemeji, tutaona."

Jumamosi ya kwanza ya Majilio tukaenda kanisani na debe letu kama kawaida. Nyimbo zikakatika tulipofika mlangoni. Mwenyekiti wa akina mama, jirani yetu, akanyanyuka na mikono yake ikichuruzika.

"Nyar Alego, umekuja?" Ndivyo walivyomwita mama, binti wa Alego, kwa kuwa ndiko alikozaliwa.

"Nimekuja. Kwani mlitaka sakafu inifuate nyumbani?"

Hakuna aliyecheka.

"Mwaka huu pumzika, dada. Bado unaomboleza."

"Mikono haiombolezi. Inaweza kufanya kazi."

"Nyar Alego, usinilazimishe kusema. Sisi tuna watoto nyumbani."

Mama akaweka debe chini palepale mlangoni, akanishika mkono tukarudi.

Nilidhani mwingine angesiriba mahali pake. Hakuna aliyethubutu. Kesho yake sakafu yote iling'aa isipokuwa pale mbele ya altare, pamebaki pakavu, pa kijivu, pamepasuka. Jumapili baada ya Jumapili pakazidi kuchakaa. Katekista alipiga magoti kwenye vumbi, akainuka akikohoa, akauliza, "Akina mama, hapa mbele mmepasahau?" Wakatazama miguu yao. Kitambaa cha zambarau kilining'inia juu ya altare, na chini yake kile kipande kilikuwa kama kidonda. Kusali hawakumzuia, basi mama alikaa benchi la nyuma, akikitazama ibada nzima.

Baba mdogo akaja tena, kwa upole uleule. "Kubali, Shemeji, mambo yaishe. Jumamosi hiyohiyo utarudi kwa wenzako." Alipoondoka, mama alikaa muda mrefu akichambua mchele ambao ulikuwa umeshachambuliwa. Kisha akaniambia mimi, mtoto, kwa sababu hapakuwa na mtu mzima wa kumwambia, "Labda nikubali tu. Siwezi kuona Krismasi ikifika na pale pakiwa vile."

Nyanya yangu, mama yake baba, alisikia. Hakuwa amebatizwa. Alivuta sigara moto ukiwa ndani ya mdomo, kama wanawake wa umri wake, na wengi walidhani yeye ndiye angekuwa mkali kuliko wote, kwa kuwa aliyekufa ni mwanawe. Jumamosi ya kuamkia Krismasi aliitoa sigara mdomoni, akatema mate pembeni, akasema, "Nyar Alego, chukua debe."

Ilikuwa mara yake ya kwanza kuingia kanisani. Akina mama wakasimama kwa heshima. Mwenyekiti akasema, "Mama, wewe unaijua mila kuliko sisi sote."

"Naijua. Mjane haingii nyumba ya mtu. Sasa niambie, hii nyumba ni ya nani?"

Mwenyekiti akaitazama altare. "Ni ya Mungu, Mama."

"Basi mwenye nyumba aje mwenyewe amfukuze. Wewe ni nani hapa? Mpangaji?"

Mwanamke mmoja aliangua kicheko, akauziba mdomo kwa mkono wenye kinyesi, na hapo wengine wakashindwa kujizuia. Mwenyekiti hakucheka. Nyanya akapiga magoti kwa taabu mbele ya altare, akatumbukiza mkono wake kwenye debe kabla ya mama, akapaka. Mistari yake ilikuwa mibaya. Mama akapiga magoti kando yake. Sikuwahi kumwona akilia kwenye mazishi ya baba. Alilia pale, akipaka.

Mvua ya vuli ilinyesha usiku huo, kipande hakikukauka. Asubuhi padri alikuja na pikipiki yake, kanisa likajaa. Wakati wa kupokea, wengi walijibana pembeni kushoto na kulia, katikati pakabaki wazi. Wachache walipiga magoti palepale, wakarudi na magoti yenye alama za kijani, ukawajua wote. Mwenyekiti alikuwa wa mwisho. Alisimama kidogo. Kisha akapiga magoti katikati. Aliporudi alikuwa akivuta gauni lake chini ili kuyafunika magoti, lakini lilikuwa fupi, na mimi nilikuwa nimekaa karibu.

Sitakudanganya kwamba mambo yakawa mazuri tangu siku ile. Kuna nyumba ambazo mama hakukaribishwa tena mpaka uzee wake, na mtoto fulani alipougua mwezi wa Januari, jina la mama lilitajwa. Lakini hakurithiwa, na kipande hakuna aliyemnyang'anya, mpaka saruji ilipokuja.

Waliosiriba sakafu ile wote wamekwenda. Mama ndiye aliyekuwa wa mwisho. Saruji ni nzuri, inafagiliwa upesi na haina vumbi. Lakini mtu hupiga magoti juu yake akainuka safi, na kwa kumtazama tu huwezi kujua alikuwa amepiga magoti mahali pa nani.